Saa Anazopatikana Nyumbani

Nilifundisha darasa la tano kwa miaka mingi, na kila mwaka niliwaambia watoto maneno yale yale: mtu asiyejua kuandika orodha atasahau chumvi sokoni, na siku moja atasahau haki yake ofisini. Walicheka kwa sababu ya chumvi. Haki waliiacha ipite. Niliwaonyesha kupiga mistari kwa rula, kugawa ukurasa safu kwa safu, na kuandika kichwa cha kila safu kwa herufi kubwa. Mzazi alikuwa akifungua daftari la mtoto na kusema, "Huyu amepitia kwa Mwalimu," nami nilikuwa nikivimba kichwa.

Naanza na hilo kwa sababu habari ninayotaka kueleza ni ya orodha moja, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, niliyoiandika nikiwa nimeshastaafu. Nitaeleza taratibu. Huenda siku moja ukajikuta mahali nilipokuwa, na ningependa wewe ufanye tofauti.

Tunaishi mtaa wa Mountain View, karibu na Kangemi, hapa Nairobi, kwenye uchochoro wa nyumba za mawe wenye lango moja. Nilipostaafu majirani walinichagua kuwa mwenyekiti wa nyumba kumi. Kwa asiyeujua utaratibu huu, ni kwamba majirani wa kaya kumi hivi, ingawa kwetu zilikuwa karibu ishirini, wanajuana kwa majina, wanaweka daftari la wakazi, na mwenyekiti wao ndiye anayepiga simu kituo cha polisi mwizi akiingia au mgeni asiyeeleweka akihamia. Tulifundishwa kwamba mwenyekiti hana upande. Polisi na mkazi wakikosana, yeye husimama katikati. Nilikubali hilo bila kuuliza, kwa kuwa hata shuleni mwalimu hakuwa na upande watoto wawili wakipigana.

Aliyetumwa kwetu kutoka kituoni alikuwa sajini mmoja, mtu mnene kidogo, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukakaa kwenye baraza yangu, wakazi wakatoa malalamiko yao, mimi nikaandika. Aliniita mathe, kama vijana wa Nairobi wanavyowaita mama zao. Asubuhi mume wangu alipozidiwa, mwaka ule wa mwisho wake, nilimpigia sajini kwa kuwa sikujua nimpigie nani mwingine. Alifika na gari la kituo kabla chai haijapoa. Alimbeba mume wangu mwenyewe, mikono miwili, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, na njia nzima hadi hospitali alimshikilia miguu ili isigonge chuma. Huwezi kumsahau mtu aliyefanya hivyo. Mimi sijamsahau hata leo.

Kwenye mkutano mmoja alikuja na konstebo mpya, kijana mrefu mwenye pengo la meno ya mbele, ili tumjue. Konstebo alikula mandazi yangu manne, akanyoosha mkono kuchukua la tano.

"Mwalimu, hizi mandazi umeweka nini ndani? Siwezi acha."

"Iliki tu, kijana wangu."

"Iliki gani hii! Hii inafaa kushikwa, ipelekwe ndani."

Baraza zima lilicheka. Nikamfungia mengine kwenye gazeti aende nayo.

Jirani yangu wa mlango wa tatu alikuwa fundi wa nguo. Alitoka Pwani, akaja Nairobi akiwa kijana, na alikuwa na kibanda chake ghorofani katikati ya jiji, upande wa River Road, ambako alishona kanzu na sare za shule. Kiswahili chake kilinitia aibu mimi niliyekifundisha. Wiki moja ya maandamano, maduka ya jijini yalipofungwa, alibeba kazi yake nyumbani, akaweka cherehani mlangoni penye mwanga, akawa anashona huko huko huku akijibu salamu za wapita njia.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa jikoni nikiosha sukuma wiki. Dirisha la jikoni kwangu linatazama mlango wa fundi moja kwa moja. Ukitupa jiwe bila nguvu litafika. Vijana kadhaa walipita mbio wakaruka ukuta wa nyuma. Baada yao polisi wanne wakaingia langoni. Mmoja alisimama mbele ya fundi, akavua kofia yake ya chuma ili afute jasho, na nikamwona vizuri. Alikuwa yule konstebo wa mandazi.

"Wameenda wapi?"

"Sikuwatazama, afande. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano."

"Simama ukiongea na serikali!"

Fundi hakusimama. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali na kitambaa kilikuwa katikati ya mshono. Fundi yeyote atakuambia huwezi kuacha mshono hapo.

"Niwie radhi, nimalize hapa kidogo tu. Nikiachia utafumuka."

Hilo ndilo kosa lake lote. Konstebo alichomoa rungu. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilikuwa la kichwa, lakini fundi alijikinga kwa mkono wa kulia, na mlio niliousikia kutoka dirishani sitaueleza. La tatu lilimkuta chini. Mama anayeuza mboga nje ya lango letu alipiga ukemi. Bawabu mmoja anayelinda nyumba huko Loresho usiku, na ambaye hulala mchana katika chumba cha pembeni, alitoka na fulana tu. Watu watatu wengine walisimama milangoni mwao. Wote waliona mtu mwenye sare akipiga mtu aliyekaa. Ila walipotoka kofia ilikuwa imesharudi kichwani. Uso wake niliuona mimi peke yangu.

Nami nilifanya nini? Nilifunga mfereji wa maji. Ndilo jambo la pekee ninalokumbuka kufanya. Nilitoka baada ya polisi kuondoka.

Baada ya hapo nilikuwa hodari, maana njia ya karatasi naijua. Ukiumizwa, nenda hospitali kwanza, usianze na kituo. Mwili ndio ushahidi unaoisha upesi. Tulimpeleka. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili.

"Ulikuwa ukifanya nini?" daktari aliuliza.

"Nilikuwa nikishona," fundi akasema.

Kisha tukaenda kituoni. Hapa ndipo mgeni hushangaa: hata aliyekupiga akiwa polisi, utahitaji kituo. Malalamiko yako yanaingizwa kwenye kitabu kikubwa cha matukio, ambacho kila mtu hapa anakiita OB, unapewa nambari, na kituo ndicho kinachokupa fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza kuhusu majeraha yako. Fundi alisita mlangoni, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Mwalimu, unanipeleka kwa nani?"

"Kwa mtu wangu," nikamjibu. "Usiogope."

Sajini alitupokea kwa huruma kubwa. Alimletea fundi kiti. Alisema kitabu atakiandika yeye mwenyewe, si konstebo wa kaunta. Fundi alisimulia, sajini akaandika, mimi nikasimama mita moja kutoka kwenye kalamu yake. Sikusoma. Mimi, niliyewarudisha watoto kwenye dawati kwa kutosoma walichoandika kabla ya kukileta, nilinakili nambari ya OB kwenye kijikaratasi nikaridhika.

Tulipomaliza alinivuta kando, karibu na ngazi.

"Mathe, ulimtambua?"

"Nilimtambua. Ni kijana wako. Yule wa mandazi."

Kisha akanishika bega. "Sawa. Hiyo niachie. Hii kitu ikifuatwa kwa haraka itaharibika. Wewe niandalie mashahidi. Majina, nambari za nyumba, simu. Tuwalinde kabla watu wabaya hawajawafikia."

"Kwani watu wabaya ni nani?"

"Aah, mathe. Si unajua dunia."

Nilirudi nyumbani nimefarijika. Kwa siku tatu nilizunguka kwa majirani kuwashawishi, na ilikuwa kazi. Mama mboga alikuwa akipanga nyanya zake, hakuinua kichwa.

"Mwalimu, mimi nauza nyanya. Nyanya haiendi kotini."

"Lakini macho yako yanaenda. Uliona."

"Niliona, eeh. Hata kuku waliona. Andika kuku."

Nilicheka, nikakaa naye, nikamweleza hatua moja moja, mpaka akafuta mikono kwenye leso na kunitajia nambari yake ya simu. Bawabu alikuwa mgumu zaidi.

"Usiku mimi nalinda tajiri Loresho. Mchana nani ananilinda mimi?"

"Mimi," nikasema.

Akakubali. Sikuwa nasema uongo. Nilidhani ninao uwezo huo, kwa kuwa nilikuwa na simu ya sajini.

Watu watano walikubali. Niliketi mezani, nikapiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, nambari ya nyumba. Ya tatu, simu. Nilipomaliza niliona karatasi bado ina nafasi upande wa kulia, nikafikiria polisi watakaokuja kuandikisha maelezo wasije wakapoteza safari. Nikaongeza safu ya nne ambayo hakuna mtu aliyeniomba: Saa anazopatikana nyumbani. Nikarudi kwa kila mmoja kumwuliza, "Unapatikana saa ngapi?" Mama mboga, saa kumi na moja jioni, akifunga kibanda. Bawabu, saa nne asubuhi, akiwa amelala. Na wale wengine vivyo hivyo. Nilitoa nakala moja ya kubaki nayo, nikaipeleka ile ya asili kituoni, mkononi mwa sajini. Aliitazama akatikisa kichwa kwa kusifu. "Mwalimu ni mwalimu," akasema.

Utaniuliza mbona jina langu halikuwemo. Fundi pia aliuliza, baadaye. Wakati ule jibu nilikuwa nalo tayari: mwenyekiti hana upande. Nikiwa shahidi, nani atasimama katikati? Na isitoshe, jambo kubwa nilishalisema kwa sajini, kwa siri, kwa njia yetu. Niliona hiyo ni busara. Leo naona kwamba niliwaomba majirani watano wasimame mahali ambapo mimi mwenyewe sikutaka kusimama, na nikawapigia mistari ya kusimamia.

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi nilikwenda kununua nyanya. Mama mboga ana desturi, kama wenzake wote, ya kumwongezea mteja wake nyanya moja juu ya alizonunua. Siku hiyo alinifungia nilizonunua, akafunga mfuko, akanipa.

"Leo hakuna nyongeza?"

"Leo hakuna." Alitazama barabarani kwanza. "Mwalimu, jana wanaume wawili walikuja. Hawana sare. Wakanisaidia kufunga kibanda, wakabeba hadi kreti. Wakaniuliza watoto wangu wanasoma wapi, halafu kabla nijibu wakaniambia wenyewe. Wakasema siku hiyo ya fundi mimi nilikuwa nimeenda soko. Nikasema, ndiyo, nilikuwa nimeenda soko."

"Walijuaje wakupate wewe?"

"Hiyo ndiyo nilitaka kukuuliza. Nikawaambia mmekuja bahati, mimi sikai hapa saa zote. Mmoja akacheka. Akasema, 'Tumeambiwa saa kumi na moja ndiyo unapatikana.'" Akaninyooshea kidole, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu. "Hivyo ndivyo wewe uliniuliza, Mwalimu. Maneno hayo hayo. 'Unapatikana saa ngapi?' Hapa Kangemi nani mwingine anaongea hivyo?"

Nilikwenda hadi chumba cha bawabu. Kilikuwa kitupu. Jirani yake aliniambia walimgongea saa nne asubuhi, wakamwamsha kwa jina lake kamili, wakakaa kitandani kwake wakimwuliza habari za kazi Loresho na kama mwajiri wake anajua anaishi na watu gani wa fujo. Alihamia kwa nduguye, mtaa wa Jamhuri, siku hiyo hiyo. Wale watatu wengine: wawili walibadilisha nambari za simu, na mmoja alifunga nyumba akaenda kwao.

Kila mmoja alifuatwa kwa saa yake. Hawakupoteza safari hata moja.

Nilikwenda kituoni mchana, kwa miguu, nikiwa bado na nyanya mkononi. Sajini alisimama aliponiona.

"Mathe, karibu. Kaa."

"Sikai. Ile karatasi ulimpa nani?"

"Karatasi gani?"

"Sajini."

Alifunga mlango wa ofisi, akaketi, akaunganisha vidole. "Haya. Kuna mtu amepigwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu ametukanwa?"

"Hapana, lakini..."

"Kuna mtu ameitishwa pesa?"

"Sijasikia."

"Sasa? Nilikuambia nitawalinda. Hakuna mtu ameguswa hata na kidole. Hiyo ndiyo kulinda, mathe. Ungewaacha waende kotini ungeona kuguswa."

"Na yule kijana?"

"Amehamishwa. Yuko mbali. Hutamwona tena huku, si hiyo ndiyo ulitaka?"

"Nilitaka ajibu."

Alishusha pumzi kama mtu mwenye mwanafunzi mzito. "Wewe ni mama yangu hapa. Hii kesi ni ya fundi, si yako. Kwani jina lako liko wapi?"

Halikuwepo popote. Yeye alijua, kwa kuwa alikuwa na orodha.

Nikatoka hadi kaunta, nikampa konstebo wa kike ile nambari ya OB, nikamwomba nione kilichoandikwa. Aligeuza kitabu kikanielekea bila kunitazama usoni. Mwandiko ulikuwa wa sajini, na nilisoma mara mbili: mlalamishi alishtushwa na kelele za waandamanaji, akaanguka kutoka kwenye kiti, akaumia mkono. Hakuna polisi aliyetajwa. Hakuna rungu. Saa ilikuwa sahihi, nambari ilikuwa sahihi, na nambari ya simu ya fundi, niliyomtajia mimi, ilikuwa sahihi pia.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijaribu kumchukia, na moyo haukunipa nafasi. Kila nilipoanza nilimwona kwenye gari, ameshikilia miguu ya mume wangu. Ningependa kusema kwamba wema ule ulikuwa wa uongo, nijifariji. Haukuwa wa uongo. Mtu aliyenidanganya tangu siku ya kwanza ningemsamehe mapema kuliko huyu, ambaye nadhani alinipenda kweli na bado akaipeleka karatasi yangu alikoipeleka.

Niliwaendea wale niliowafikia nikawaeleza kwamba ni mimi. Sikuwapa maelezo marefu, ingawa nilikuwa nimeyaandaa. Bawabu, kwa simu, alisikiliza hadi mwisho kisha akakata. Mama mboga alisikiliza akichambua mchicha.

"Ulitufundisha kusema, Mwalimu," akaniambia. "Sasa tufundishe kunyamaza. Hiyo ndiyo imetulinda."

Siku iliyofuata nilipanda gari kwenda jijini. Kuna ofisi ya kiraia inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, na nataka ujue mambo mawili kuihusu ambayo mimi nilipaswa kuyazingatia tangu siku ya kwanza: huendi huko kwa ruhusa ya kituo, na hulipi kitu. Nilijua ipo. Nilidhani ni ya watu wasio na mtu wao kituoni.

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta, mwenye meza iliyojaa mafaili. Nilimweleza kila kitu, nikaweka mbele yake nakala ya orodha. Aliisoma hadi safu ya nne, akasita hapo, akaendelea. Sikuona dharau usoni mwake, na nilimshukuru kwa hilo.

"Hawa watano wako wapi leo?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo hatuna shahidi."

"Hatuna."

"Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo, Mwalimu?"

"Jikoni."

"Jikoni kuna dirisha?"

"Liko."

"Linatazama wapi?"

Nje ya dirisha lake honi za jiji zilikuwa zikigombana.

"Linatazama mlango wa fundi."

"Uliona?"

"Niliona. Na yule aliyempiga namfahamu kwa uso. Amekula kwangu."

Aligeuza orodha, akaisukuma taratibu hadi upande wangu wa meza. "Nionyeshe jina lako."

Niliandikisha maelezo yangu kwa saa mbili. Alinieleza, na nakueleza wewe, kwamba polisi aliyehamishwa hajapotea. Anahamishwa pamoja na nambari yake ya kazi, na nambari hiyo inamfuata popote. Alisema vilevile kwamba kumwandama shahidi ni kosa la peke yake, na kwamba kwa habari ya karatasi, sajini ataitwa ajieleze. Kisha akaniambia lisilopendeza: shahidi mmoja anatosha kufungua faili, lakini kotini wakili wa upande wa pili atakuwa na mtu mmoja tu wa kumvunja, naye atauliza kwa nini nilinyamaza.

"Na watajua ni wewe uliyesema," akaongeza. "Sitakudanganya."

"Nisome kabla sijatia sahihi?"

"Soma. Sina haraka."

Nilisoma mara tatu.

Jioni nilibisha kwa fundi. Plasta bado ilikuwa mkononi, na vidole vya mkono wa kulia vilivyochomoza havikuwa vinafunga sawasawa. Mkewe ndiye aliyekuwa akikata kitambaa, yeye akimwelekeza kwa mdomo. Tangu mashahidi watawanyike hakuwa amenisalimu, na sikumlaumu. Nilisimama mlangoni nikamwambia nilikotoka na nilichosema huko.

"Ulimwona uso," akasema.

"Nilimwona."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Ukanipeleka kituoni, ukasimama nami, ukarudi nami, ukanijulia hali kila asubuhi. Na uso unao kifuani." Hakupandisha sauti. "Mwalimu, mimi mtu aliyenivunja mkono simjui. Macho yangu yalikuwa kwenye mshono, kisha nikayafunika. Yeye hanidhuru moyo. Ninayemwona ni wewe."

Mkewe aliacha kukata. Nilitaka kumweleza kuhusu mwenyekiti asiye na upande, kuhusu sajini na gari la kituo, nikaona maneno yote hayo yanamwomba yeye anifariji mimi. Nikayaacha.

"Utasimama mbele ya hakimu?"

"Nitasimama."

"Utaongea vipi?"

"Kama nilivyoandikisha."

"Niambie mimi kwanza. Nataka kusikia."

Mkewe alinisogezea kiti. Nikaketi, nikaanza. Nilisema nilikuwa jikoni, na kwamba afisa mmoja alifika mlangoni, pakatokea kutoelewana kidogo, na kwa bahati mbaya...

"Bahati mbaya ya nani?" fundi akanikatiza.

"Samahani."

"Huyo ni sajini anaongea. Ongea wewe."

Nikaanza upya. Nilisema afisa alimwuliza swali, yeye akajibu kwa adabu, na afisa akamgonga.

"Gari ndilo linalogonga."

"Akampiga."

"Kampiga nani? Mimi niko hapa."

"Akakupiga. Alikupiga kwa rungu, ukiwa umekaa, ukiwa na kitambaa mkononi. Alikupiga mara tatu. La pili lilikuvunja mkono. La tatu alikupiga ukiwa chini. Nilimwona uso wake, namjua, na nilifunga mfereji nikakaa jikoni mpaka walipoondoka."

Alijaribu kuvikunja vidole vyake.

"Hivyo," akasema. "Hata hilo la mfereji, usiliache. Watakuuliza, na ni afadhali walisikie kwako." Kisha akamgeukia mkewe amwonyeshe mahali pa kukata, na bila kunitazama akaniambia, "Tena. Tangu mwanzo."